Haki ya Mtoto Kuijua Nchi Yake kwa Lugha Mbili

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa letu ni desturi kuanza na yale yanayoonekana na kusikika, yaani ngoma, mavazi, mapishi na michezo ya jadi, kisha tukamalizia kwa kuisifu lugha ya Kiswahili iliyotuunganisha. Sina nia ya kuipinga desturi hiyo. Lakini liko swali moja ambalo limenisumbua kwa zaidi ya miaka arobaini, tangu nilipokuwa mwalimu kijana wilayani Tarime, nalo ni hili: mtoto anapoingia darasani kujifunza jiografia ya nchi yake, ilhali sehemu ya nchi hiyo ameshaijua vema kwa lugha ya mama yake, tuna haki gani ya kumwambia kwamba ujuzi wake hauhesabiwi? Wengi hulichukua swali hili kuwa la ufundi wa kufundisha, likaachiwa wakaguzi wa shule. Kwa maoni yangu ni swali la haki.

Nilifika Tarime mwaka 1978. Ilikuwa miaka minne tangu Halmashauri Kuu ya TANU ikutane mjini Musoma, Novemba 1974, na kuamua kwamba kila mtoto wa nchi hii apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Walimu walitakiwa kwa maelfu, nasi vijana tuliotayarishwa kwa haraka tukatawanywa kila pembe. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Sikujua neno hata moja la Kikurya, wala sikuona haja ya kulijua, maana tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kufundishia katika madarasa yote saba ya shule ya msingi, na niliamini kwamba nimetumwa kukieneza kama vile tabibu anavyotumwa kueneza chanjo.

Hapana budi nikiri jambo moja kabla sijaendelea. Shule niliyofundisha ilikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Mtoto aliyesikika akinena lugha ya nyumbani kwao alivishwa kibao hicho shingoni, naye alikaa nacho mpaka amnase mwenzake kwa kosa lile lile amvishe. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Kibao hicho nilikikuta, sikukianzisha mimi. Lakini nilikitumia kwa muda wa miaka miwili, tena kwa bidii. Leo nikikumbuka, kinachonichoma si viboko vile, kwani viboko vilikuwa vya mambo mengi siku hizo. Kinachonichoma ni kwamba tuliwafundisha watoto kuviziana. Mtoto alimfuata rafiki yake hadi kisimani kusudi amsikie akimwita dada yake kwa lugha ya mama yao.

Kilichonibadilisha ni somo la jiografia la darasa la nne. Darasa hilo lilikuwa na watoto wa namna mbili. Wengi walikuwa Wakurya wa vijiji vya jirani, ambao Kiswahili chao kilikuwa cha darasani tu. Wachache walikuwa watoto wa watumishi wa serikali, yaani wa bwana shamba, wa mganga wa zahanati na wa polisi, ambao walizaliwa Muheza, Kilosa na kwingineko, nao walizungumza Kiswahili tangu utotoni. Hao wachache ndio walioongoza katika kila mtihani. Mtoto wa bwana shamba aliweza kuitaja mito ya Tanzania bila kupumua, Rufiji, Ruvuma, Pangani, Kagera, na makao makuu ya kila mkoa. Mmojawapo wa wale wengine, ambaye alichunga ng'ombe za baba yake zamu kwa zamu na ndugu zake, hakupata kamwe zaidi ya alama tatu katika kumi. Nami nilikwisha kumwandika moyoni kuwa ni mzito.

Siku moja nilitaka wachore ramani ya sehemu ile, kuanzia shuleni mpaka bondeni kuelekea Mto Mara. Kwa kuwa karatasi zilikuwa haba, niliwaweka wawili wawili, na bila kufikiri sana nikamweka katika kila jozi mmoja anayejua Kiswahili vema na mmoja asiyekijua. Pale ambapo watoto wa watumishi hawakutosha nilimtumia Mkurya aliyekuwa hodari wa Kiswahili. Nilikusudia tu kwamba mjuzi amsaidie asiyejua.

Ndugu msomaji, yamkini umeshang'amua yaliyotokea. Mtoto wa bwana shamba alichora shule, barabara na zahanati, kisha kalamu ikasimama. Baada ya hapo karatasi ilikuwa tupu kwake. Yule mchungaji ndiye aliyeijaza. Alijua kila kijito, kipi hukauka baada ya mavuno na kipi hakikauki kamwe. Alijua udongo unaobeba maji ya masika na ule unaoyameza. Alijua kivuko ambapo ng'ombe hupita salama na mahali ambapo mamba hungoja. Alijua mahali pa chumvi ya mifugo, na kwa nini kilima fulani hakikatwi miti. Lakini yote hayo aliyajua kwa Kikurya, na nilipopita mezani kwao nilikuta mwenzake amemgeukia, amefungua daftari, anamwuliza kwa ishara na kwa maneno machache aliyookota njiani: hapa panaitwaje? Na hiki? Kwa mara ya kwanza katika darasa lile nilimwona mtoto wa watumishi akiwa mwanafunzi wa mtoto wa kijiji.

Kuanzia hapo nililifanya zoezi lile kuwa kazi ya muhula mzima, nikaweka masharti mawili. La kwanza, jina la kila mahali liulizwe kwa wazee na liandikwe kama walivyolitamka, ndipo maelezo yake yafuate kwa Kiswahili. La pili, mtoto asiandike jambo ambalo hawezi kulieleza kwa lugha ya mwenzake. Sharti hili la pili ndilo lililowatesa, na ndilo lililowafaa. Mchungaji alilazimika kutafuta maneno ya Kiswahili kama vile bonde, chanzo, kijito, mteremko na kinamasi, si kwa kukariri orodha ubaoni bali kwa sababu alikuwa na kitu cha kusema. Na mwenzake alijifunza kwamba kuna maarifa yasiyomo kitabuni. Kibao kile sikukivunja kwa sherehe. Kiliacha kutumika tu katika darasa langu, maana zoezi lenyewe lisingewezekana.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ya neno moja, kwa kuwa ndani yake limo tatizo lote. Neno hilo ni *ikiaro*. Watoto walirudi nalo kutoka kwa wazee, nami nikataka waliandike kwa Kiswahili katika ufunguo wa ramani. Jozi moja iliandika "wilaya". Nyingine iliandika "ukoo", na nyingine "nchi". Niliwasahihisha wote, na wote walikuwa sahihi na wamekosea. Maana ikiaro kwa Wakurya ni watu na ni ardhi kwa pamoja; ni jamaa wanaojihesabu kuwa wa asili moja pamoja na eneo ambalo wanakaa na kulilinda. Kiswahili chetu kimetenganisha mambo hayo: ukoo ni wa watu, eneo ni la ardhi, na wilaya ni ya serikali. Mtoto anayefikiri kwa neno ikiaro anaiona nchi kwa namna ambayo kitabu cha jiografia hakiwezi kumwonyesha. Hali kadhalika, mtoto anayefikiri kwa neno wilaya anaona jambo ambalo neno ikiaro halimwonyeshi, yaani kwamba watu wasio wa asili moja wanaweza kuwa na mahali pamoja na sheria moja. Ni nani kati ya hawa wawili aijuaye nchi? Sikuweza kujibu siku ile.

Ramani ya kitabuni nayo ilileta swali lake. Ilionyesha mpaka wa Tanzania na Kenya ukienda sawasawa kama uliopigwa kwa rula, na kwa hakika ulipigwa kwa rula. Uingereza na Ujerumani zilipatana mwaka 1886 kwamba mstari utoke pwani, uzunguke Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha unyoke hadi kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria mahali unapokatwa na digrii 1 kusini ya Ikweta. Mchungaji wetu alipoelezwa hayo alisema kwamba baba yake mdogo anakaa ng'ambo ya Sirari, wala hakuwahi kuuona mstari wowote njiani alipopeleka ng'ombe. Darasa lilicheka. Lakini mtoto wa bwana shamba hakucheka. Aliuliza kama watu wa upande ule husema Kikurya kile kile. Husema kile kile. Na ni ajabu kidogo kwamba katika nchi ya Kenya, tangu taarifa ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ilitaka madarasa ya kwanza ya shule ya msingi yafundishwe kwa lugha ya sehemu ile, hata kama walimu wengi hawakuifuata. Watoto wa ndugu wawili, mmoja kaskazini ya mstari na mmoja kusini, waliahidiwa haki tofauti juu ya lugha ya bibi yao.

Najua majibu yatakayotolewa. Jibu zito kuliko yote ni lile la umoja. Mkoa wa Mara peke yake una lugha nyingi kuliko mataifa mengine mazima: Kikurya, Kingoreme, Kinata, Kiikoma, Kiisenye, Kizanaki, Kiikizu, Kijita, Kikwaya, Kisimbiti, Kijaluo, Kitatoga, na nyingine. Je, kila moja iwe na vitabu vyake na walimu wake? Lau tungelifanya hivyo mwaka 1961 tungelikuwa wapi leo? Jibu hili silidharau. Nitalirudia baadaye, kwani lilinikuta mimi mwenyewe uso kwa uso.

Ila tuwe wa kweli katika hoja zetu. Sisi wapenzi wa Kiswahili tumepigania kwa miaka mingi kwamba lugha yetu itumike katika shule za sekondari, na tumetumia hoja ya kwamba mwanafunzi huelewa somo katika lugha anayoijua. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 mradi wa LOITASA, ulioviunganisha Vyuo Vikuu vya Oslo, Dar es Salaam na Western Cape, uliipima hoja hiyo darasani. Nchini Afrika Kusini watoto wa darasa la nne walifundishwa sayansi na jiografia kwa Kixhosa. Kwetu, Mwajuma Vuzo alilinganisha masomo ya jiografia ya sekondari yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yale yaliyofundishwa kwa Kiingereza, na tasnifu yake ilitoka Oslo mwaka 2007. Ilionekana kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili walishiriki zaidi na kuelewa zaidi. Wale wa Kiingereza walinyamaza. Tuliyapokea matokeo hayo kwa furaha, na ndivyo ilivyostahili. Lakini mtoto aliyenyamaza mbele ya Kiingereza na mtoto aliyenyamaza mbele ya Kiswahili changu kule Tarime ni wa hali moja. Hoja ikiwa kweli mjini, ni kweli pia katika kijiji kilicho juu ya Mto Mara. Hatuwezi kuishika tunapodai na kuiweka chini tunapodaiwa.

Wengine hupenda kutukumbusha mfano wa Mwalimu Nyerere, ambaye alizaliwa Butiama mwaka 1922 katika Kizanaki, akaingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, na hatimaye akakimudu Kiswahili hata akazifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja mwaka 1963 na nyingine mwaka 1969. Mfano huu hutumiwa na pande zote mbili, kwamba lugha ya nyumbani haikumzuia, na kwamba kutofundishwa kwayo hakukumdhuru. Mimi nasema tusijenge shule za watoto wote kwa kipimo cha mtu kama yule.

Mtu aseme kwamba haya ni majonzi ya mwalimu mstaafu tu, na kwamba mtoto hatapungukiwa kitu akiyasahau majina ya vijito. Basi na avuke Mto Mara aingie wilaya ya Serengeti. Kwenye ramani ya taifa, sehemu kubwa ya mashariki ya huko ni rangi moja ya kijani yenye maneno "Hifadhi ya Taifa", iliyoanzishwa mwaka 1951. Mgeni huidhani kuwa ni nyika ambayo haikupata kuwa na mtu. Wazee wa Kinata, Kiikoma, Kiisenye na Kingoreme hawaijui hivyo. Kwao imejaa mahame, visima, mahali pa matambiko na njia za wawindaji, na historia yao yote husimuliwa kwa kufuata mahali hapo, kituo baada ya kituo. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alizikusanya simulizi za namna hiyo katika vitabu alivyovitoa mwaka 2003 na 2007, na ni jambo la kushukuru. Lakini majina hayo yamo katika lugha za watu hao. Hayana maana kwa Kiswahili, wala hayawezi kufasiriwa yakabaki majina. Mtoto wa Mugumu ambaye hajui lugha ya babu yake ataisoma Serengeti kama aisomavyo mtalii, na akienda kuajiriwa kuwa mwongoza wageni atayarudia yale aliyoyasoma katika kitabu kilichoandikwa na mgeni. Sioni ni kwa namna gani umoja wetu umenufaika na jambo hilo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe ilitaka lugha za jamii zetu zifanyiwe utafiti na kuandikiwa kamusi na sarufi. Lakini kamusi iliyoko maktaba haimfundishi mtoto wa darasa la nne.

Sasa nirudi kwenye umoja, kama nilivyoahidi. Katika mwaka wa pili wa zoezi lile, jozi moja iliundwa na watoto wa koo mbili zilizopakana, ambazo zilikwisha kupigana kwa ajili ya malisho na wizi wa ng'ombe, na watu walikufa. Nilijua habari hiyo kwa juu juu. Watoto waliulizia kwa wazee kama nilivyowaagiza, kila mmoja kwao, nao wakarudi na neno lile lile, ikiaro, na mipaka miwili isiyolingana. Mmoja alichora mpaka kwenye kijito cha juu, mwingine kwenye kijito cha chini. Bonde lililo katikati lilikuwa la wote wawili. Waligombana, kalamu ikavunjika. Kesho yake asubuhi nilimkuta mzee mmoja amesimama mlangoni na fimbo yake, na nyuma yake wanaume wengine watatu.

Hofu yangu ilikuwa kubwa. Niliona kwamba kwa kuiita lugha ya nyumbani iingie darasani nimeita pia ugomvi wa nyumbani. Kiswahili, lugha ya darasa, ya mkutano wa kijiji na ya baraza la mahakama, kilikuwa na fadhila ambayo sikuwa nimeithamini: hakuna ukoo wowote wa Tarime uliopigania bonde kwa Kiswahili. Ndani yake watoto wa mahasimu walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza bila kujua kwamba wao ni mahasimu. Je, nilikuwa na haki ya kuwanyang'anya kutokujua kule? Mwalimu mwenzangu, ambaye alikuwa mtu wa palepale, aliniambia waziwazi kwamba nimecheza na moto nisioujua, na kwamba wao walipokubali Kiswahili shuleni walijua wanachokifanya.

Maneno yake yalinifunza kuliko chuo. Sikuwahi kufikiri kwamba wazee waliokubali kibao kile kishingoni mwa watoto wao huenda walikuwa wamepima gharama, wakaona amani ina bei. Mpaka leo sijaliona jibu linalofuta uzito wa maneno hayo. Ninaloweza kusema ni kwamba watoto wale wangeijua mipaka ile miwili kwa vyovyote, wakiwa na miaka kumi na mitano au ishirini, usiku, kutoka kwa vijana wenye pinde. Kwangu ni afadhali waijue mezani, mchana, wakiwa na kalamu moja wanayogombania.

Mzee yule aliingia na kuketi. Baada ya muda mfupi wakaja wengine wa upande wa pili, kwa kuwa habari ilikwisha kuwafikia. Niliwaamkia, wakaitika, kisha mazungumzo yakaenda kwa Kikurya, kwa sauti ya chini, marefu. Ramani ilikuwa juu ya meza. Niliwatazama wakiigusa, wakiigeuza, wakikipita kijito kimoja kwa kidole. Mtoto wa bwana shamba, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano, alikuwa amesimama kando ya yule mchungaji rafiki yake, na nilipomwita ili anieleze kinachosemwa alinifasiria neno kwa neno. Katika chumba kile aliyehitaji mkalimani nilikuwa mimi peke yangu.

Walikubaliana kwamba bonde lisiandikwe jina la ukoo wowote. Liandikwe kazi yake, kwamba hapo ng'ombe hunywa maji wakati wa kiangazi, na liandikwe kwa lugha zote mbili. Mzee wa kwanza alitaka mtoto wake na yule mwenzake waiandike pamoja mbele yake, akangoja mpaka walipomaliza. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili kizuri kabisa ambacho sikujua kwamba anacho, kama ramani hiyo itabaki shuleni au watoto watakwenda nayo nyumbani.

Nilimjibu kwamba itabaki shuleni. Akasema itengenezwe nyingine, ili kila upande uwe na yake.